Mvua na bawa la mbele la Long-EZ

SWALI: Nimenunua Long-EZ iliyotumika, ile ndege ndogo ya kujiundia yenye bawa dogo mbele. Mvua ikianza tu, pua inashuka mpaka nivute kishikio. Tatizo ni nini?

JIBU: Yaelekea bawa lako dogo la mbele ni la umbo la zamani, liitwalo GU. Matone yakitapakaa juu yake, hewa huachana na bawa mapema na nguvu ya kunyanyua hupungua. Wadudu waliogandia ukingoni huleta kasoro hiyohiyo, basi lifute kila mara kabla ya kuruka. Kwenye mvua tua kwa mwendo zaidi, kwenye njia ndefu ya kutulia. Dawa hasa ni bawa alilosanifu mtaalamu wa maumbo ya mabawa John Roncz, liitwalo R1145MS, la povu na faibaglasi. Usilifanye refu kuliko lilivyo kwenye mchoro: likizidi, bawa kuu la nyuma huweza kuishiwa nguvu kwanza, na hapo pua haishuki tena kuirudishia ndege mwendo.