Breki Zinazonuka Kwenye Mteremko wa Mtoni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, gari langu linalovuta kwa magurudumu yote manne, la gia za mkono, hunipeleka kununua samaki kando ya Mto Malagarasi. Njia ya kushukia ni kali na ina changarawe. Nikifika chini breki hunuka kama kitu kinachoungua, na kanyagio huwa laini. Je, ninunue breki mpya? — Msomaji, Uvinza.

JIBU: Ndugu msomaji, fundi akague pedi na abadilishe mafuta ya breki, kwa kuwa mafuta yaliyokaa muda mrefu hunyonya unyevu, na yakipata joto huchemka na kutoa mapovu, ndiyo maana kanyagio linalegea. Hata hivyo, breki mpya nazo zitaungua ukiendelea kuzikanyaga mfululizo. Simama kabla ya mteremko, weka gia nzito ya magurudumu manne (4L), kisha namba moja, uondoe mguu kwenye klachi na kuiacha injini ilizuie gari. Breki iguse kidogo tu. Magurudumu yakijifunga na gari likaanza kuteleza juu ya changarawe, legeza breki ili yazunguke tena na usukani ukutii, na uelekeze pua ya gari chini moja kwa moja, kwa maana likikaa upande linaweza kupinduka.

Wakati wa masika, tope ni jambo jingine: shuka kwanza kwa miguu uikague njia, na ukiona hutaweza kuipanda tena, acha gari juu. Usiingie majini kupima kina, kwani Malagarasi una mamba.