Barua kwa mwanangu: Arsenal walipopandishiwa kodi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lamu hatujambo, alhamdulillahi. Umeniandikia kuwa mwenye kiwanja mnachokodi hapo Malindi amewapandishia kodi, vijana wamegawanyika, na mmoja wenu akasema kikaoni kuwa hata Arsenal waliwahi kufanyiwa hivyo. Waniuliza kama ni kweli. Ni kweli, na katika mambo yote ya timu ile, hilo ndilo nilipendalo zaidi, kuliko vikombe.

Timu ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London. Walikuwa watu wa karakana, hawana kitu. Hata jezi nyekundu za kwanza walipewa na Nottingham Forest. Wakawa wa kuhamahama: mara uwanja wa wazi, mara mahali palipokuwa shamba la nguruwe, mara Manor Ground, ambako walileta mikokoteni ya jeshi watazamaji wapande juu waone mpira.

Mwaka 1890 wakahamia uwanja wa Invicta, papo hapo Plumstead, jirani na Woolwich. Sasa wakawa na uwanja wa kweli, wenye jukwaa, ngazi za kusimama mashabiki na vyumba vya kubadilishia nguo. Ukawatia moyo. Mwaka uliofuata wakaanza kulipa wachezaji, na chama cha soka cha London kikawafungia mlango wa mashindano yake, lakini hawakurudi nyuma. Mwaka 1893 wakakubaliwa kuingia daraja la pili la ligi ya Uingereza, klabu ya kwanza kutoka kusini.

Mwenye uwanja, George Weaver, aliyekuwa na biashara ya maji ya chupa, akaona neema imekuja. Kodi iliyokuwa pauni 200 kwa mwaka akaitaka iwe 350.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Hawakukaa kumlaani Weaver. Waliunda kampuni ya hisa 4,000, kila hisa pauni moja, wakainunua ile Manor Ground waliyokuwa wameihama. Walionunua hisa walikuwa zaidi ya watu 800, wengi wao wafanyakazi wa pale pale mtaani, huyu moja, yule mbili. Likizo ya kiangazi wakajitolea kuutengeneza uwanja kwa mikono yao, na tarehe 2 Septemba 1893 wakacheza mechi yao ya kwanza ya ligi hapo, sare ya 2-2 na Newcastle.

Lakini si wote waliokuwa pamoja. Waliobaki upande wa Weaver waliunda timu nyingine, Royal Ordnance Factories, wakacheza Invicta. Kufikia 1896 timu hiyo haikuwepo tena. Uwanja nao ukajengwa nyumba. Ngazi za mashabiki zilibaki nyuma ya nyumba za Hector Street hadi miaka ya 1980, watu wanaanika nguo kando yake. Miaka mitatu tu Arsenal walikaa pale, na zege likadumu karibu karne nzima!

Kwa hiyo msigawanyike, mwanangu. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko hiyo kodi.

La pili, kununua peke yake hakutoshi. Manor Ground ilikuwa mbali na watu wa London, mashabiki wakapungua, na mwaka 1910 kampuni ile ikafilisika. Ndipo mfanyabiashara Henry Norris akaichukua timu na kuipeleka Highbury, kaskazini mwa London, mwaka 1913, penye kituo cha treni mlangoni. Mkitafuta kiwanja chenu, tafuteni mahali mtoto anafika kwa miguu na bodaboda haikwami mvua ikinyesha. Na kabla ya kutoa hata shilingi, nendeni ofisi ya ardhi mkahakikishe hati. Pwani yetu hii mwaijua, watu wameuziwa ardhi yenye wenyewe.

Mkianza kuuza hisa, uzeni kwa bei ambayo mvuvi na muuza viazi karai wataimudu, na kila anayelipa apewe risiti yenye jina lake. Wawekeni na kina mama kwenye kamati. Pesa za chama wanazijua kuliko sisi.

Mimi niandikieni hisa kumi. Nitatuma kwa M-Pesa mkishapata nambari ya chama, si kwa simu yako. Mamako akusalimu, asema naye aandikiwe zake, asiunganishwe na mimi.

Wassalaam,
Babako