Niliacha kumuuliza binti yangu kichwa kimeamkaje

Karibu mwaka mzima, asubuhi za nyumbani kwetu Ujiji zilianza vilevile. Binti yangu hajamaliza kusema shikamoo, mimi nishauliza: "Kichwa kimeamkaje?" Anafumba macho, anatulia kidogo. "Ngoja nisikilize, mama." Na akisikiliza, kweli anakisikia. Alikuwa na miaka 10.

Ugonjwa wenyewe ni kipandauso. Wengi tunaujua kama ugonjwa wa watu wazima, unaoshika upande mmoja wa kichwa. Kwa mtoto mara nyingi huuma paji lote au pande zote mbili, na unaweza kuisha ndani ya saa chache. Wangu, upepo ukileta harufu ya dagaa walioanikwa, alikuwa anajifunika kanga usoni na kuomba nifunge dirisha. Anatapika, analala. Baada ya saa tatu yuko uani anacheza rede. Basi majirani wakasema anadeka.

Kwa mzazi wa huku Kigoma nasema: mtoto akiumwa kichwa, hasa akiwa na homa, mpeleke akapimwe malaria kwanza, maana mkoa wetu unayo nyingi. Lakini apimwe. Sisi zahanati moja ilitupa dawa ya mseto mara tatu bila hata kumtoboa kidole. Jirani akataka achanjwe chale, nikakataa. Nami nikawa nampa panadol karibu kila siku. Sikujua kwamba dawa za kawaida za maumivu zikinywewa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikipita, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Daktari aliyekuja kutusaidia aliuliza mengi, na la mwisho likanitia aibu: "Akiumwa, nyumbani kunatokea nini?" Akiumwa haendi shule. Sifungui genge. Wadogo zake wananyamazishwa, soda inanunuliwa, baba yake anapiga simu kutoka safarini mara mbili. Asipoumwa, namwita nikitaka kumtuma tu.

"Mama, hajifanyi," akaniambia. "Maumivu yake ni ya kweli. Ila nyumba nzima mkikaa kukisubiri kichwa, na ubongo wake unajifunza kukisubiri."

Akanieleza utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013. Watoto na vijana 135 wenye kipandauso sugu, wa miaka 10 hadi 17, wote walipewa amitriptilini, dawa ya kuzuia kipandauso kisirudi mara kwa mara. Karibu nusu wakafundishwa pia kukabiliana na maumivu: kupumua, kulegeza misuli, kushughulika na mawazo ya hofu. Wengine walipewa maelezo tu kuhusu maumivu ya kichwa. Kwenye kundi la kwanza, 66 katika kila 100 siku zao za kuumwa zilipungua kwa nusu au zaidi. Kundi la pili ni 36.

Kwetu kamba ilikuwa imejifunga shuleni. Mwezi mmoja alikosa siku tisa. Aliporudi, hesabu za sehemu zilikuwa zimempita. Akawa anaogopa kuitwa ubaoni, usiku halali vizuri, asubuhi kichwa hiki hapa, anabaki nyumbani, hesabu zinazidi kumpita. Ukiniuliza kilichotangulia ni kichwa au hofu, siwezi kukwambia.

Nikaenda kwa mwalimu wake wa darasa. Niliomba asimrudishe nyumbani anapoumwa: ampe maji, alale nusu saa ofisini, kisha arudi darasani. Nyumbani tukaweka saa ileile ya kulala kila siku, hata Jumamosi, na uji kabla ya kutoka. Kila usiku, mkono tumboni, anavuta pumzi akihesabu hadi nne na kuitoa akihesabu hadi sita. Afanye akiwa mzima, ili siku ya kuumwa awe amezoea. Dawa ni mapema maumivu yanapoanza, kipimo cha uzito wake, wala si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Kazi kubwa ilikuwa ulimi wangu. Siku ya tatu akaja jikoni: "Mama, leo hujaniuliza." Roho iliniuma. Nikamwambia, "Ukihitaji dawa utaniambia. Njoo tuchambue mchele." Hapo kwenye ungo, nikiuliza habari nyingine tu, ndipo aliponiambia kwamba aliwahi kutapika darasani, wakamcheka wiki nzima. Mwaka mzima niliuliza kichwa, hilo sikulisikia.

Yapo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: maumivu yanayomwamsha usingizini, kutapika kila alfajiri, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba akitembea, degedege, homa na shingo kukakamaa. Hayo usiyasubirishe kwa mazoezi ya kupumua.

Kichwa bado kinamjia. Daktari alitaka awe na daftari, ajaze mwenyewe mara moja tu jioni: umeumwa? umelala? umefanya nini? Mwezi uliopita kuna siku mbili zenye alama. Moja niliiona siku mbili baadaye, kwa penseli: "Niliumwa kipindi cha pili. Nikalala ofisini. Nikarudi kwenye sayansi."