Marhamu ya lami inachafua kila kitu: je, niiache?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 38, na nina soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba, kwa mwaka wa tisa sasa, kwenye viwiko, magoti na mgongo. Hospitali nilipewa kopo la marhamu nyeusi yenye lami ya makaa ya mawe na asidi ya salisiliki, nipake kutwa mara mbili. Inanuka, imeharibu shuka zangu, na wanafunzi wanauliza kama kuna barabara inayowekwa lami karibu na darasa. Baada ya wiki mbili sijaona nafuu. Duka la dawa limeniuzia krimu ya klobetasoli, na viwiko vimesafika kwa siku tano. Je, niache lami nibaki na krimu?

JIBU: Mwalimu, pole kwa miaka hiyo tisa. Mimi ni mfamasia ninayechanganya marhamu kama hiyo kwa mikono yangu, na ninaijua harufu yake hata nikiwa nimevua koti la kazi. Usiiache bado, na usibaki na klobetasoli peke yake. Nadhani tatizo lako haliko katika dawa bali katika namna ulivyoelekezwa kuipaka, na hapo kosa ni letu zaidi kuliko lako, kwa sababu mara nyingi tunamkabidhi mgonjwa kopo kupitia dirishani tukamwambia "paka asubuhi na jioni" basi.

Katika ngozi yenye afya, seli huchukua takriban wiki nne tangu izaliwe chini hadi idondoke juu, lakini katika soriasisi safari hiyo hukamilika kwa siku tatu hadi tano tu, hivyo seli zisizokomaa hurundikana na kuwa magamba. Lami hupunguza kasi hiyo, na asidi ya salisiliki hulegeza magamba. Mgonjwa mmoja aliwahi kukunja mkono wa shati mbele yangu, nikaona marhamu imelala kwenye kiwiko kwa unene wa siagi juu ya mkate, na nilipoifuta kwa pamba, magamba yalikuwa chini yake yamekaa vilevile, meupe na makavu kama chokaa inayobanduka ukutani. Dawa haikuwa imegusa ngozi hata kidogo. Ilikuwa imeishia kwenye magamba na kwenye shati.

Kwa hiyo anza na magamba. Oga kwa maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika kumi, kisha yafute kwa kitambaa laini, bila dodoki wala jiwe la kusugulia na bila kuyabandua kwa kucha, kwa kuwa ngozi yenye soriasisi ikijeruhiwa huweza kuota baka jipya palepale, jambo ambalo daktari Mjerumani Heinrich Köbner alilieleza tangu karne ya 19. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, halafu kamua au chota marhamu ya urefu wa kifundo kimoja cha mwisho cha kidole cha shahada. Hiyo ni kama nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili. Ipake juu ya baka tu, kwa kufuata mwelekeo wa malaika, yaani vinyweleo, maana ukipaka kinyume vitundu vya malaika huziba na kutoa vipele vya usaha. Usiipake usoni, kwapani wala kwenye mapaja ya ndani.

Kuhusu muda, mwombe daktari wako akubadilishie iwe mara moja, jioni, ukiwa umevaa shati kuukuu la pamba la mikono mirefu. Kama mwenzako hawezi kulala na harufu hiyo, paka ukirudi kutoka shuleni, ikae muda usiopungua saa mbili, kisha oga kabla ya kulala. Asubuhi ioshe kabisa kabla ya kusimama mstarini na watoto, kwa sababu ngozi yenye lami huungua na jua upesi. Doa la lami kwenye nguo lisugue kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo ufue kwa sabuni. Na tafadhali, usisogelee jiko la mkaa ukiwa na shati hilo. Nguo iliyolowa mafuta ya mgando yaliyomo kwenye marhamu hushika moto haraka mno, hata baada ya kufuliwa.

Ukifanya hivyo, hesabu wiki nne hadi sita kabla ya kutoa hukumu. Kwenye ngozi yetu nyeusi, baka lililopona huacha alama nyeusi au nyeupe inayokaa miezi, na nimeona wagonjwa wengi wakiendelea kuipaka lami alama hiyo bure. Pitisha kidole: kama pamekuwa laini na tambarare, ugonjwa umetoka hapo, acha kupaka.

Klobetasoli ilikusaidia kweli, lakini ni steroidi kali, yaani dawa inayotuliza uvimbe wa ngozi, na haipaswi kuzidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Ikitumiwa ovyo hukondesha ngozi na kuacha michirizi, ndiyo maana imewaharibu waliokuwa wakiipata ndani ya mkorogo, na ukiikatiza ghafla baada ya muda mrefu, soriasisi huweza kurudi kwa nguvu zaidi. Daktari anaweza kuitumia kwa siku chache kukata makali, kisha lami ikaendeleza kazi.

Wanafunzi waambie bila kuona haya kwamba hawawezi kuambukizwa. Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani uliutambua ugonjwa huu kuwa sugu na usioambukiza.

Rudi kliniki mapema ukiona vipele vingi vya usaha, mwili mzima kuwaka, au viungo kuvimba na kukakamaa asubuhi. Uende na kopo la marhamu, krimu uliyouziwa, na dawa nyingine zote unazotumia, hasa za shinikizo la damu, kwa kuwa baadhi yake, kama propranololi, huweza kuchochea soriasisi.