Magitaa ya mbali, masikio ya Katanga: majibu kwa wapenzi wa rock

Maswali ya safari hii yametoka Kamalondo, Katuba, Ruashi na Kampemba, hapa Lubumbashi. Karibu yote yanahusu indie, ile rock ya bendi za lebo ndogo au zisizo na lebo kabisa.

Yaya, mimi nimekulia rumba. Hii rock mpya nasikia kelele tu. Nianzie wapi?

Anza na Mdou Moctar. Ni Mtuareg wa Niger, anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na albamu yake Funeral for Justice ya 2024 ina mwendo utakaoshikika kwako haraka kuliko ule wa bendi za Uingereza.

Kinachokusumbua kina sababu. Kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezea ya rumba, umezoea magitaa matatu yaliyogawana kazi, akompanyema (la kusindikiza), mi-solo (la kati) na solo (la kuongoza), yote kwa sauti safi, kila noti ikisimama peke yake. Rock hupitisha gitaa kwenye distoshen: vilele vya sauti vinakatwa, sauti za ziada zinazaliwa juu ya noti, na noti zinashikana. Sikio la rumba linatafuta noti mojamoja, linazikosa, linasema ni kelele. Basi mara mbili za kwanza achana na gitaa kabisa, fuata besi na ngoma. Ukishajua wimbo unakanyaga wapi, gitaa litafunguka lenyewe.

Baada ya hapo chukua albamu ya kwanza ya Vampire Weekend wa New York, ya 2008, ambayo magitaa yake yamekaa jirani sana na ya Kongo. Kisha Only God Was Above Us ya 2024, ambamo bendi hiyohiyo imechafua sauti makusudi. Kwangu hiyo ndiyo kazi yao iliyokomaa kuliko zote, na ukizisikiliza kwa mpangilio huo utapanda ngazi bila kuanguka. Na usijidharau. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, alipiga besi na melodia kwenye gitaa moja kwa kidole gumba na cha shahada. Mtu anayeweza kufuata vidole viwili vile hashindwi na bendi yoyote ya magitaa mawili.

Nimepata Songs of a Lost World ya The Cure, lakini wimbo wa kwanza hauna mwimbaji. Faili limeharibika?

Faili ni zima. Kwenye wimbo huo sauti ya mwimbaji Robert Smith inaingia baada ya dakika 3 kupita, na kwenye ule wa mwisho, unaozidi dakika 10, unamngoja zaidi ya dakika 6. Albamu ilitoka Novemba 2024, nyimbo 8 tu, ya kwanza yao baada ya miaka 16. Usiruke mwanzo. Ule muziki mrefu ndio unaofanya neno la kwanza liwe zito. Zima pia ile setingi ya simu inayofifisha wimbo mmoja huku mwingine ukiingia, maana inakula miisho ambayo bendi imeitengeneza kwa uangalifu mkubwa.

Diamond Jubilee ya Cindy Lee inasifiwa sana. Itanila mega ngapi, na nikiiweka kwenye kle USB kwa nini nyimbo zinachanganyika?

Ni nyimbo 32, saa 2 na kidogo. Ilipotoka Machi 2024 haikuwekwa kwenye programu kubwa za muziki. Ilikuwa video moja ndefu ya YouTube, pamoja na mafaili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya kupakua. Hesabu ni hii: WAV ya kiwango cha CD hula karibu mega 10 kwa dakika, kwa hiyo albamu nzima ni giga 1.2 hivi. MP3 ya 320 (kilobiti kwa sekunde) ni mega 2.4 kwa dakika, karibu 290 kwa jumla. MP3 ya 128 haifiki mega 120, lakini matoazi yanaanza kusikika kama maji. Kwa albamu hii, ambayo sauti yake tayari ina vumbi la redio ya zamani, MP3 ya 192 inatosha: mega 175 hivi. Ikiwa mko watatu, mmoja apakue WAV, abadilishe kwenye kompyuta, wengine wakopi. Kugeuza MP3 ya 128 kuwa ya 320 hakurudishi chochote, kunajaza kle tu.

Kuhusu kuchanganyika: redio nyingi za gari na bafle zenye tundu la USB hupanga mafaili kwa mfuatano yalivyokopiwa, nyingine kwa alfabeti. Andika 01, 02, 03 mwanzoni mwa kila jina, fomati kle kwa FAT32, kisha kopi faili moja baada ya jingine. Ukiandika 1 badala ya 01, wimbo wa 10 utapigwa kabla ya wa 2.

Romance ya Fontaines D.C. ni tamu kwenye hedfoni, lakini kwenye spika yangu ndogo ya Bluetooth magitaa yanapotea.

Spika moja inaunganisha kushoto na kulia. Magitaa yaliyokuwa yamewekwa pembeni yanarundikana katikati, juu ya mwimbaji, na yale yanayokaribiana sana yanaweza kufutana. Tena spika ndogo haishuki vizuri chini ya Hz 100, hivyo inavimbisha eneo la 150 hadi 300 ili udhani kuna besi, na uvimbe huo ndio unaofunika gitaa.

Zima kwanza kitufe cha besi ya ziada. Kwenye ikwalaiza punguza dB 3 karibu na Hz 250, ongeza dB 2 kati ya Hz 2,000 na 4,000. Zaidi ya hapo sauti itaanza kuchoma masikio. Itoe spika kwenye kona ya nyumba, iweke usawa wa kichwa. Kama rafiki ana spika ya aina ileile na zinakubali kuoanishwa, ziachanishe mita moja na nusu na ukae mbele yake. Albamu hii inastahili usumbufu huo.

Getting Killed ya Geese: ni nzuri kweli au ni kelele za magazeti?

Ni nzuri kweli. Ilitoka Septemba 2025, na ngoma ndizo zinazoongoza, magitaa yanafuata. Mwimbaji Cameron Winter huchelewa nyuma ya mdundo kiasi cha kukutia wasiwasi. Ipe mizunguko mitatu.

Kuna Wakongo waliopiga na hawa wa indie?

Wapo. Tafuta Where's the One? ya 2022: Konono N°1 na Kasai Allstars pamoja na Deerhoof wa San Francisco, Juana Molina na wengine. Likembe (ala za vidole gumba) zenye umeme humo zina distoshen kali kuliko magitaa.

Bendi yetu ina magitaa mawili, tunapiga akodi zilezile, na yote yanasikika tope.

Kwa sababu mnakaa sehemu moja ya shingo. Mmoja abaki na Sol ya chini, ya wazi. Wa pili aweke kapo, kile kibano cha shingo, kwenye kase ya 7 apige umbo la Do: itatoka Sol ileile, lakini juu, kama mi-solo. Asipige nyuzi zote 6, tatu nyembamba zinatosha. Mwenye distoshen aishushe hadi nusu, kwa maana distoshen mbili zilizojaa hugombania nafasi moja na besi ndiyo inayoumia. Halafu rekodini kwa simu iliyowekwa mita 3 mbele yenu, si miguuni pa mpiga gitaa. Ikiwa bado ni tope, aliyeko juu anyamaze wakati wa kuimba, arudi kwenye kiitikio.