Nitampimaje Mbunge Anayejiita Mtetezi wa Haki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mbunge wetu hahutubii mkutano bila kujiita mtetezi wa haki za wanyonge. Mimi ni Muha, nimezaliwa hapa Kasulu kama walivyozaliwa wazazi wangu, lakini nilipoomba kitambulisho cha Taifa nilihojiwa habari za babu na bibi kana kwamba nimevuka mpaka jana. Nilimpelekea malalamiko, akaahidi kuyafikisha Dodoma. Miaka miwili imepita. Nitajuaje kama anamaanisha anachosema?
Msomaji, Kasulu, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu huo. Anza na mahali ambapo maneno ya mbunge hayafutiki, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi tumezoea kuziita Hansard na ambazo huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Humo utaona kama suala lako liliulizwa, waziri alijibu nini na, jambo ambalo wapiga kura tunalisahau, kama mbunge aliuliza swali la nyongeza au aliketi baada ya kuambiwa kwamba Serikali inalifanyia kazi.

Sisemi kwamba kazi ya kuibana Serikali bungeni haina gharama kwa mbunge. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa majadiliano bungeni, lakini mwaka 2007 Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimamishwa ubunge kwa muda baada ya kutaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe.

Hata hivyo, kipimo ninachokiamini zaidi ni kutazama mbunge anamtetea nani pale ambapo hatapigiwa makofi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, muswada wa uraia wa Tanganyika ulipingwa na baadhi ya wabunge waliotaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alikataa katakata na kutangaza kwamba Serikali yake ingejiuzulu kama muswada huo ungeangushwa, ingawa Wahindi na Wazungu ambao msimamo huo uliwalinda walikuwa wachache mno kumpa ushindi wa kura.

Kwa Kigoma kipimo hicho ni kigumu zaidi, kwa sababu Kiha na Kirundi cha Burundi ni lugha zinazosikilizana, hivyo ni rahisi Muha kudhaniwa Mrundi, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imo katika wilaya yenu tangu 1996. Ni rahisi mbunge kuwatetea Waha kwa kuwatupia wakimbizi lawama, maana mkimbizi hapigi kura. (Wapo wanaofanya hivyo na kushangiliwa.) Mbunge wa namna hiyo anatetea kura zake. Anayetetea haki atadai utaratibu ulio wazi, wenye muda maalumu na nafasi ya kukata rufaa, kwa kila anayehojiwa, awe Muha au mwenye asili ya Burundi.

Nawe usimsubiri yeye peke yake. Ibara ya 13 inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya kabila au mahali alikotoka, na ibara ya 30 inamruhusu aliyevunjiwa haki hizo kufungua shauri Mahakama Kuu. Kabla ya kufika huko, omba ofisi iliyokuhoji ikupe kwa maandishi sababu ya kukucheleweshea. Mbunge akija kijijini, usimwulize kama anakukumbuka. Mwombe namba ya swali na tarehe ya kikao alichouliza.