Mleta uzi, hiyo mifuko ya saruji usiifungue

Mleta uzi, kama mifuko ishafika uwani iache hapo hapo, usifungue hata mmoja. Tafuta mtu anayejenga Fuoni au Kwarara umuuzie, hata kwa bei ya kutupa. Kwake itafaa, nyumba yake ya matofali. Yako ya mawe.

Nimesoma ulivyoandika, bora nisingesoma, maana leo silali. Mumerithi nyumba ya bibi Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa moja, wewe na mwenzio munataka kuitengeneza kwa mikono yenu siku za mapumziko. Chini mubandue sakafu ya zamani, mutandike nailoni, mumwage zege, juu yake tailizi kubwa za kung'ara. Kuta zinapukutika kwa chini, basi muzikwangue muzipige plasta ya saruji mpaka usawa wa kiuno, kisha rangi ya mafuta. Ghorofani tailizi vilevile. Mwisho skatin ya mbao, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, kuzunguka vyumba vyote. Na ulichouliza ni gundi gani ya tailizi nzuri, skatin iwe ya mbao gani, kitangulie kipi, na mlango wa mbele upakwe vanishi au mafuta.

Gundi! Mtu mkono umevunjika, anauliza hina au piko.

Sisi tumefanya hayo hayo, Kiponda, kwa bibi yake mume wangu. Mpaka hicho kiuno. Sijui nani katuletea Mji Mkongwe huu ugonjwa wa plasta ya kiunoni, lakini ukipita vichochoroni utauona: juu ukuta wa chokaa, chini mshipi wa saruji, na juu kidogo ya mshipi doa la maji linapanda. Kesho ukitoka Darajani simama ulitizame vizuri.

Ukuta wako umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Chini yake hakuna nailoni wala kizuizi chochote. Maji ya ardhini yanapanda humo tangu bibi yako hajazaliwa na hayakumdhuru mtu, kwa sababu chokaa ina vitundu vidogo vidogo. Maji yanayopanda yanatokea usoni mwa ukuta na upepo unayachukua. Sakafu ya zamani nayo inatoa yake. Ile plasta ya chini unayoiona inapukutika, kazi yake ndiyo hiyo, inapukutika yeye ili jiwe lisalimike. Wazee walikuwa wakiipaka upya kila baada ya miaka, wakaendelea na mambo yao. Hawakumwita mtu na "tiba ya kudumu".

Sasa njoo wewe na nailoni na zege na tailizi. Maji yaliyokuwa yakitokea sakafuni hayana tena pa kutokea, yanakimbilia kwenye kuta. Kwenye kuta yanakutana na saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta ulioibeba. Ukuta ukicheza kidogo, saruji inapasuka nyufa nyembamba kama uzi, mvua inaingia kwenye nyufa na kutoka haitoki. Basi maji yanapanda kutafuta saruji ilipoishia. Yanapanda na chumvi yake. Yakikauka, chumvi inabaki nyuma ya plasta, inaganda, inavimba, inaisukuma plasta mpaka iachane na jiwe. Ukitaka kujua, gonga ukuta kwa konzi. Palipoachana panalia tupu.

Kwetu tulimaliza Ramadhani inakaribia. Kila aliyekuja kufuturu alivua viatu mlangoni akasema mashaAllah, hoteli hii. Picha nikazitia status, na waliouliza jina la fundi nikawapa. (Kama umo humu na nilikupa namba yake, nisamehe, mtume ujumbe tuzungumze.)

Masika ilipokolea, skatin ndiyo iliyotangulia kusema. Tulitia ile ya MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, nyeupe, imekatwa kona vizuri sana, mume wangu kaikata mwenyewe na mpaka leo hataki niiseme vibaya. Ilianza kuvimba kona ya jikoni, rangi ikachanika kwa urefu, ubao ukajipinda ukauacha ukuta. Nikaubandua kwa bisibisi. Nyuma mweusi tii, ukungu una manyoya, na njia ya udongo ya mchwa imeshapanda shibiri nzima. Nyuma yake plasta imetoka unga mweupe. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Fundi akaitwa. Akatizama, akacheka! Akasema hii kitu ndogo, dawa yake kuna kemikali ya kuzuia maji inachanganywa na saruji, plasta tuipandishe mpaka kifuani, na nje pia, ukuta wa kichochoroni tuupige wote juu mpaka chini ili mvua "isione mlango". Muuza duka la vifaa akatikisa kichwa kuunga mkono, na kwa nini asiunge, kemikali anauza yeye. Shemeji yangu, aliyetuletea huyo fundi, naye akaunga mkono huku anakula biriani yangu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeuliza ukuta umejengwa kwa kitu gani. Fundi mwashi wa miaka mingi, Unguja hii hii, anagonga jiwe la matumbawe kwa nyundo na haulizi! Na sisi wawili tulikuwa tushamaliza video zote za wale wanandoa wa Marekani wanaotengeneza nyumba za mbao, tunajiona wahandisi. Kule wana mbao na theluji. Sisi tuna bahari dakika tano.

Hiyo kazi ya pili ndiyo iliyotutia hasara khasa, kwa hiyo nisikilize hapa hata kama hapo juu umeruka.

Ghorofa yako imelalia boriti za mikoko, na vichwa vya boriti vimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa mkavu, boriti inakaa miaka na miaka. Ukuta wetu wa nje ulipovishwa saruji, mvua ikaingia kwa nyufa ikabaki humo ndani, na vichwa vya boriti vikawa vinaloana mwaka mzima, masika na vuli, bila kuona upepo. Kuoza kwake hukuoni. Kunatokea ndani ya ukuta. Wewe uko chini unachagua mapazia. Tulianza kuona unga unadondoka mezani asubuhi, nikadhani mende au panya. Halafu kabati la juu likawa halifungi, mlango wake unafunguka wenyewe. Alipokuja mzee mmoja mwashi wa zamani, hakutoa hata futi ya kupimia. Alipanda ngazi, akachukua bisibisi yangu ile ile ya skatin, akaichoma kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Ikazama mpaka mpini. Akateremka, akasema tuhame chumba hicho leo, si kesho.

Na juu ya boriti hizo tulikuwa tushamwaga saruji ya kusawazisha sentimita 5, ili tailizi zikae sawa. Piga hesabu, mleta uzi, kabla hujaniuliza gundi: saruji na mchanga kwa unene huo ni karibu kilo 100 kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 hiyo ni tani moja na zaidi, juu ya sakafu ya zamani ambayo yenyewe ni nzito. Tailizi bado. Kabati la bibi bado. Shemeji bado.

Wala usinambie nyumba hizi zina umri wa zaidi ya miaka mia zitasimama tu. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe huu huu, ilisimama tangu 1883, na 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaanguka ikiwa kwenye matengenezo, watu wakafa.

Kwa hiyo ukikumbuka moja tu katika maneno yangu yote, liwe hili: saruji isiguse nyumba ya mawe na chokaa. Si sakafuni, si ukutani, si "kidogo tu kuziba ufa". Penye chokaa rudisha chokaa.

Na kabla ya hiyo chokaa, tafuta maji yanatoka wapi. Mfereji wa paa umeziba? Bomba la choo cha juu linavuja ndani ya ukuta? Kipoza hewa cha jirani kinadondokea kwako? Njia ya nje imepandishwa ikawa juu kuliko sakafu yako? Haya ndiyo ya kufanya siku zenu za mapumziko, bei yake ndogo na hayana picha nzuri za kutia status.

Kama tayari kuna saruji ya mtu wa zamani, itoe kwa tindo na nyundo, taratibu. Usikodi mashine ya kuvunjia, inaondoka na jiwe. Kisha uache ukuta wazi. Uache! Kaskazi ikivuma uiachie madirisha iufanyie kazi. Tuliokuwa na haraka ndio sisi, na tumefanya kazi moja mara kadhaa.

Chokaa tafuta ya tanuri, ya mawe ya kuchoma, shamba wapo wanaochoma. Ikitiwa maji inachemka na kuruka, kwa hiyo watoto mbali, glavu mkononi, miwani machoni. Ikiingia jichoni ni maji mengi hapo hapo na hospitali. Ikishatulia iweke imezama ndani ya maji, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Kama umepata ya mfuko tu, hakikisha si unga wa chaki, na uiloweke kabla ya kuitumia. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga usiwe wa pwani, maana utakuwa umenunua chumvi kwa pesa yako. Rushia maji ukutani kwanza, paka safu nyembamba, isizidi sentimita moja, uiache ishike ndio upake nyingine. Na usiianike juani. Chokaa inaganda kwa kuvuta hewa polepole, ikikaushwa kwa haraka inakuwa unga. Tundika magunia mabichi mbele yake uyanyunyize asubuhi na jioni. Juu yake chokaa ya maji, mikono mingi myembamba. Rangi ya mafuta mpe huyo huyo wa Fuoni.

Sakafu ya chini ni hivyo hivyo, chokaa na kokoto, ipigwe ishindiliwe. Wazee wanahadithia watu walivyokuwa wakiipiga kwa vipande vya mti siku nzima huku wakiimba. Sisi tuliipiga bila kuimba, mume wangu alikuwa hasemi na mimi wiki hiyo. Imetoka na mawimbi kidogo, lakini nalala juu yake mchana wa joto na haitoi jasho. Ukishindwa kabisa na ukataka tailizi, tumia za udongo zisizopakwa kioo, zilale juu ya chokaa. Hapo gundi haiingii.

Boriti ni kazi ya fundi anayezijua, hiyo musijifanyie wenyewe. Kukata mikoko siku hizi kuna masharti yake, usinunue za kichochoroni usiku. Na nendeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kugusa kitu, kibali kinatakiwa, na wamo watu wanaozijua nyumba hizi. Ofisi ipo tangu 1985. Mimi nimeijua dari ilipoanza kudondoka.

Skatin: subiri ukuta ukauke, mwaka mzima ukibidi. Baada ya hapo mfenesi au msaji, na MDF iishie dukani. Nyuma yake acha nafasi ndogo ya hewa, usijaze gundi. Au usitie kabisa, bibi yako kaishi bila skatin.

Najua atakuja mtu hapa chini kusema yeye kapiga saruji miaka na nyumba iko salama. Ndugu yangu, nyumba yako iko Mbweni na umeijenga kwa matofali. Hongera. Huu uzi si wako.

Kulikuwa na jambo la mlango pia nadhani, mwingine atajibu. Wewe nitumie picha, na usinipigie ya sebule. Piga ukuta wa upande wa choo, kutoka sakafuni mpaka gotini, karibu, mchana, taa zimezimwa. Na kichwa cha boriti iliyo karibu na bomba, kama unaweza kukifikia. Hiyo mifuko iuze kabla ya Jumamosi.